Ajuaye Njia ya Ndovu Awiwa Nini?



Mzee mmoja wa usharika wetu hapa Mwandoya alinijia baada ya ibada na swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alikuwa ametoka kumzuru binti yake, aliyeolewa upande wa Makao, karibu na Pori la Akiba la Maswa, akaona shamba la mahindi limekanyagwa lote na ndovu usiku mmoja. Akasema, "Mchungaji, nasikia ndovu wengine wamevishwa mkanda shingoni, na wenye ramani huwaona kila waendako. Ikiwa walimwona akija, mbona hawakutuambia?"

Kwanza yafaa tujue mkanda huo ni kitu gani, maana wengine husimulia habari zake kana kwamba ni uganga. Ndani yake mna chombo kidogo kipokeacho ishara za setelaiti, nacho hupima mahali mnyama alipo na kupeleka habari kituoni. Huko nukta hutokea juu ya ramani, moja baada ya moja, hata njia ya mnyama ijulikane. Tena mstari waweza kuchorwa penye mashamba, ili ndovu akiuvuka askari wa wanyamapori wapate habari kwa simu. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI) pamoja na wenzake wamewavisha mikanda ya namna hii baadhi ya ndovu wa Serengeti. Ni wachache tu, wala sijui kama ndovu wa Makao alikuwa mmoja wao.

Lakini swali la mzee halikuwa juu ya ndovu yule peke yake. Aliuliza, ajuaye awiwa nini na asiyejua?

Kazi ya kuchora njia za wanyama ni ya siku nyingi. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek, Mjerumani, na mwanawe Michael, waliruka juu ya Serengeti kwa ndege iliyopakwa milia ya punda milia, wakahesabu makundi na kufuata safari za nyumbu. Wakaona ya kuwa mipaka mipya iliyokusudiwa na Serikali haikufuata njia za nyumbu. Januari 1959 Michael alikufa, ndege yake ilipogongana na tai. Ilikuwa kazi ya ushujaa, nami naiheshimu. Walakini mwaka ule ule Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamasai waliokaa uwandani wakahamishwa. Toka angani nyumbu huhesabika, bali mapatano ya watu juu ya kisima na malisho hayaonekani.

Sisi Wasukuma twayajua mapatano hayo. Ngitili ya baba zetu haikuwa na karatasi, na kila mchungaji alijua nyasi zinaishia wapi, na ni lini ng'ombe wafunguliwe.

Basi katika Torati imeamriwa ya kwamba mtu akichimba shimo asilifunike, ng'ombe wa jirani akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Ndovu si shimo, wala askari hakumwumba. Hata hivyo nadhani amri ile yamgusa kila mtu ajuaye hatari ijayo kwa jirani, akanyamaza.

Mtu atanijibu: Habari za ndovu zikitangazwa, jangili naye atazisikia. Neno hilo ni kweli, wala tusilicheke. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na ndovu wapatao 109,000. Kufika 2014 walibaki 43,000 hivi, kwa ajili ya meno yao. Mwenye ramani anayo sababu ya kuificha.

Lakini kuficha njia ni jambo moja, na kunyima onyo ni jambo jingine. Jangili hutaka kujua ndovu analala wapi leo na atakunywa wapi kesho. Mkulima hahitaji hayo, yamtosha kuambiwa, "Usiku huu lindeni upande wa mashariki." Neno hilo moja laweza kupelekwa kwa walinzi waliochaguliwa na kijiji chenyewe, na ramani ikabaki imefungwa.

Nilimrudia mzee na jibu hilo juma lililofuata. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza ni nani atakayewachagua walinzi, na kama binti yake naye ataruhusiwa kusema neno siku hiyo mkutanoni. Nikamwambia aende naye.