Sindano Kwanza, Kabati Baadaye

Ukisema Kibiti kwamba unatafuta gramafoni, utaulizwa kama simu yako imeharibika. Swali la haki. Nyimbo za hayati Mbaraka Mwinshehe zimejaa kwenye memori kadi, na vijana wa bodaboda wanazipiga kutoka stendi mpaka Nyamisati. Ila mjomba wangu wa delta ya Rufiji alipofariki alituachia amplifaya ya Sansui, spika mbili za mbao na kasha la santuri. Gramafoni yenyewe ilikuwa imemtangulia. Wenye haraka katika ukoo walitaka vyote viende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikawaomba wasubiri.

Nilikuwa na sababu. Bendi zetu zilirekodi sana Radio Tanzania, lakini kanda hizo zilibaki redioni. Santuri za kununua nyingi zilichapwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, na njia hiyo ikabana. Santuri iliyofika kijijini kwa mjomba ilipanda basi la barabara ya Kilwa, ikamalizia safari kwenye mashua, katikati ya mikoko. Ikichubuka leo, hakuna duka la kuirudisha. Ndiyo maana nasema anayetafuta gramafoni ya bei nafuu aulize habari za sindano kwanza, uzuri wa kabati baadaye.

Kariakoo nilionyeshwa kigramafoni cha mkoba, chenye spika zake ndani, cha kupendeza kweli.

"Mzee, hiki kinaimba chenyewe, amplifaya ya nini?" akasema muuzaji.

Fundi niliyefuatana naye hakujibu. Alitoa mizani ndogo, ile ya masonara, akalaza sindano juu yake. Zaidi ya gramu 5. Akanitazama tu. Sindano ya sumaku hutosheka na gramu 2, au 3 hivi. Ile ya kauri, kama ya kigramafoni kile, hukandamiza zaidi, na kila wimbo unapopigwa hukwangua mfereji. Zinazotangulia kupotea ni sauti nyembamba za juu: matoazi, na ule mlio wa gitaa la solo uliokufanya uipende bendi.

Mitumba ya nje nayo ina mtego wake. Gramafoni iliyotoka Japani hutaka volti 100, hapa tunatumia 230, kwa hiyo transfoma ni lazima. Hilo watu wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba baadhi ya mota huenda kwa kufuata masafa ya umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50. Wa Marekani ni 60, na wa Japani ya magharibi pia. Mota ya huko ikija hapa huchoka: santuri ya mizunguko 33 kwa dakika huzunguka chini ya 28, na Mbaraka anaimba kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane.

Nyumba ya mjomba ni ya sola, na hilo ndilo lililotuamulia. Tulichukua Audio-Technica AT-LP60X, ambayo mota yake inaendeshwa kwa volti 12 za DC. Si chombo cha kuringia watu. Uzito wa sindano yake haurekebishiki, umewekwa kiwandani. Lakini ni sindano ya sumaku, na ikiisha unaibadilisha kwa vidole. Anayeiunganisha na betri asisahau kuweka kidhibiti, maana betri ya sola ikichajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi. Kwa nyuma gramafoni hiyo ina swichi: amplifaya ya zamani yenye tundu lililoandikwa PHONO ina uwezo wake wa kukuza sauti hiyo ndogo ya sindano, basi ule wa ndani ya gramafoni uzimwe. Ukiacha vyote viwili vifanye kazi, sauti inapasuka.

Kilichobaki kilikuwa sakafu. Nyumba imeinuliwa juu ya nguzo kwa ajili ya maji ya Rufiji, kama madungu ya mashambani, na sakafu ni ya mbao. Mkaza mjomba alipoinuka kucheza, sindano iliruka nusu wimbo.

"Mama, nakuomba uchezee uani."

"Nyumba ya mume wangu hii. Hamisheni hilo sanduku lenu."

Tukalihamisha. Tulipigilia kibao kwenye nguzo ya boriti inayoshuka hadi ardhini, mbali na dirisha linaloingiza upepo wa chumvi.

Chini ya kasha zipo santuri nzito za mizunguko 78, za zama zilizoanza kwetu Siti binti Saad alipokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. AT-LP60X haina mwendo huo, na mifereji mipana ya santuri hizo hutaka sindano pana. Nimezifunga kwenye kitambaa kikavu. Ndugu wale wale wa vyuma chakavu wameshaniuliza hiyo sindano pana inauzwa shilingi ngapi.