Mbuzi Aliyefungwa kwa Mapenzi

Tumeletewa swali na ndugu yetu mmoja wa Kitui, nalo ni hili: Je, yafaa mtu kumfuga mbuzi mdogo, si kwa maziwa wala nyama wala biashara, bali kwa kupendezwa naye tu, watoto wakampa jina na kumlaza jikoni? Na ikiwa yafaa, je, si khiyana baada ya mapenzi hayo kumuuza au kumchinja?

Sehemu ya kwanza jibu lake ni jepesi. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwona Abu Umeir, mdogo wake Anas bin Malik, na kindege chake cha kuchezea, wala hakumkataza, na kindege kilipokufa alimwuliza habari zake kwa upole ili kumliwaza. Wanazuoni wametoa humo dalili ya kujuzu kumfuga mnyama kwa kujifurahisha, kwa sharti ya kutomwadhibu. Huko Ulaya na Marekani wako watu wafugao mbuzi wafupi mno, wafikao magotini tu, ambao asili yao ni Afrika Magharibi, na hawatazamii kwao faida yoyote ila kuwatazama. Sisi hatuna haja ya kuwaagizia. Mbuzi wetu wa asili wa Kitui na Makueni ni mdogo wa umbo, mara nyingi hafiki kilo 30, na maboma mengi yamepata kuwa na mwanambuzi aliyefiwa na mamaye, akalelewa na watoto kwa chupa hata akajiona mtu.

Lakini ile sharti ya kutomwadhibu ndiyo watu waipitayo mbio, kwani wadhani kuwa ampendaye mnyama hawezi kumwadhibu. Twaona kinyume cha hayo. Mbuzi ni mnyama wa kundi. Kumweka peke yake ni kifungo, na kilio chake cha usiku si deko. Chakula chake ni majani ya vichaka na matunda ya migunga; mtu akimshindilia unga na chapati kwa kumhurumia, tumbo humvimba akafa kwa ukarimu. Kwato zake husuguliwa na mawe ya vilimani. Akikaa sakafuni hurefuka na kupinda, naye akachechemea mpaka zikatwe.

Basi twasema kwamba haki ya mbuzi haitoki katika mapenzi, yatoka katika kamba. Mbuzi aliye huru hujitafutia. Jani likikauka hapa huenda kule. Ukishamfunga, umeichukua kazi ile aliyokuwa akijifanyia mwenyewe, na imekuwa deni juu yako, umpende usimpende. Itazameni hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Hakulaumiwa kwa kutompenda. Alilaumiwa kwa kumfungia, kisha asimlishe wala asimwache akajilie wadudu wa ardhi. Pengine alimfungia kwa kuwa ampenda. Hilo hatukuambiwa, wala lisingebadili hukumu.

Imam Nawawi katika Minhaj ameandika ya kwamba mwenye mnyama humlazimu kumlisha na kumnywesha, na akikataa, naye mnyama ni wa kuliwa, hulazimishwa moja katika matatu: kumlisha, au kumuuza, au kumchinja. Maneno hayo yako mwisho wa mlango wa nafaka, baada ya mke na jamaa, na twaogopa kuwa katika darasa zetu nyingi mwalimu hufika hapo akiwa amekwisha choka. Wala si fikihi peke yake: sheria ya Kenya nayo, Sura ya 360, humtia hatiani mtu amwachaye mnyama wake na njaa.

Katika hayo matatu, kumwacha afe hamumo. Na hapa ndipo swali la ndugu yetu linapokuwa zito. Tangu mwishoni mwa 2020 mvua zilikatika misimu mitano mfululizo katika pembe hii ya Afrika, hata Septemba 2021 serikali ikatangaza ukame kuwa balaa la taifa, na Kitui na Makueni ni katika nchi kavu zinazojua maana ya neno hilo. Katika siku kama hizo mwenye kusema, "Mbuzi huyu wa watoto, simuuzi," kisha akamwangalia akikonda kigingini, huyo anajipenda nafsi yake. Kumuuza angali na nguvu, kwa mtu mwenye malisho, au kumchinja kwa kisu kikali, asinolewe kisu mbele ya macho yake, si khiyana. Wakamba hawahitaji kufundishwa kuwa mbuzi hutoka mkononi kwa heshima. Kwao ndoa ya mila haitimii bila ya mbuzi wa ntheo.

Khiyana tunayoiona sisi iko mahali pengine, nayo hufanyiwa mtoto. Huambiwa mbuzi wake amepotea, na nyama i chunguni. Mtume (s.a.w.) alimsikia mwanamke akimwita mwanawe aje ampe kitu, akamwuliza alikusudia kumpa nini, aliposema ni tende, akamwambia kwamba lau asingempa kitu angaliandikiwa uwongo. Basi mtoto aambiwe kweli tangu siku ile ampayo mbuzi jina. Akilia, na alie.

Limebaki la mbuzi aliyezeeka, asiye na maziwa wala mnunuzi. Izzud-Din bin Abdis-Salam, aliyekufa mwaka 660 wa Hijra, amehesabu katika haki za wanyama kulishwa hata wakikongoka au kuugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena. Ndugu yetu akiona hawezi kuchukua mzigo huo, asianze. Na ikiwa amekwisha anza, na ua wake ni mdogo, amtoe mbuzi wake mchana aende na kundi la jirani, arejee kwa watoto jioni.