Kamusi Elezo ya Watu Wengi

Kamusi elezo ni ghala ya maarifa. Zamani ilitungwa na wataalamu, ikapigwa chapa katika majuzuu mazito, na bei yake ilizidi uwezo wa shule nyingi. Tarehe 15 Januari 2001, Jimmy Wales na Larry Sanger wa Marekani walianzisha nyingine katika intaneti, nayo ni Wikipedia. Hii husomwa bila malipo, na karibu kila msomaji aweza kuiongeza na kuisahihisha. Je, maandishi ya kila mtu yastahili kuaminiwa?

Wanaoitetea husema penye wengi hapaharibiki neno. Utetezi huu si wa kupuuzwa. Mwaka 2005 jarida la Nature liliwapa wataalamu makala juu ya mambo 42 ya sayansi wazipime. Kwa wastani, waliona makosa manne hivi katika kila makala ya Wikipedia, na matatu hivi katika kila makala ya Encyclopaedia Britannica. Wenye Britannica waliupinga uchunguzi huo, lakini hapana aliyedai kuwa wataalamu hawakosei kamwe.

Mwaka huo huo ulizaa jambo jingine. Mtu aliyeficha jina aliandika katika Wikipedia kuwa John Seigenthaler, mwandishi wa magazeti wa Marekani, alidhaniwa kuhusika katika mauaji ya John Kennedy na nduguye Robert. Ulikuwa uwongo mtupu. Seigenthaler alipata kuwa msaidizi wa Robert, na siku ya maziko alikuwa miongoni mwa wachukuzi wa jeneza lake. Aliyeandika alikiri baadaye kuwa alifanya mzaha. Lakini mzaha huo ulidumu miezi minne hivi, ukiichafua heshima ya mzee asiye na hatia.

Wale wengi walikuwa wapi? Walikuwako, ila hawakupita njia hiyo. Basi methali ni kweli kwa sharti moja: wengi wawe wanatazama. Ukurasa wenye wasomaji tele aghalabu husahihishwa upesi. Ukurasa wa pembeni waweza kulala na kosa lake muda mrefu. Wasomaji wa Kiswahili yatupasa kuzidisha hadhari, maana Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina waandishi wachache mno kuliko ya Kiingereza. Tena mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: mtu akiandika habari za nafsi yake au za biashara yake, hupunguza aibu na kuongeza sifa.

Msomaji afanyeje? Kuikataa kamusi yote kwa kosa moja ni kufukia kisima kwa sababu ya jani lililoanguka ndani. Kuiamini yote ni kunywa gizani. Atazame marejeo chini ya ukurasa, ayafuate, kisha alinganishe na kitabu kingine. Asipopata ushahidi, asilirudie neno hilo, hasa likiwa lagusa heshima ya mtu. Kwani mwenye kuueneza uwongo hushirikiana na aliyeubuni. Na akiona kosa, alisahihishe. Yeye naye ni mmoja wa wale wengi.