Kosa la Bundi

Sisi wa pwani na ndugu zetu Wasukuma wa Bariadi twatofautiana kwa mengi: wao ni watu wa pamba na ng'ombe, sisi ni wa nazi na bahari. Lakini bundi akilia juu ya paa, aghalabu sote huwa wamoja: twashituka, tukaulizana nani mgonjwa. Je, ndege huyu ana kosa gani?

Tumtazame alivyoumbwa. Bundi mweupe, mwenye uso wa umbo la moyo, hukusanya sauti kwa uso huo kama mtu aliyekinga kiganja sikioni. Masikio yake hayalingani; moja limekaa juu kidogo kuliko jingine, na kwa tofauti hiyo hujua panya alipo hata katika giza totoro. Manyoya ya mbawa zake yana ncha laini, ndipo akaruka pasi na mvumo. Na chakula chake kikubwa ni panya, yule yule afukuaye mbegu za mahindi na kutoboa magunia. Waama, mkulima wa Bariadi ana mlinzi asiyemdai ujira.

Watasema: lakini alilia, na mtu akafa. Mgonjwa hukesha, na wamuuguzao hukesha naye. Waliolala hawamsikii bundi. Mgonjwa akifa, sauti hukumbukwa, akipona, husahauliwa.

Tena watasema: ni ndege tu, hofu yetu haimdhuru mtu. La hasha! Akili iliyozoea kuhukumu umbo badala ya tendo haiishii kwa ndege. Huko Usukuma, tangu Bariadi ikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, kabla Mkoa wa Simiyu haujaundwa mwaka 2012, vikongwe wameuawa kwa mapanga wakidhaniwa wachawi, na ushahidi mmojawapo ni macho mekundu. Macho hayo aghalabu yalikuwa mekundu kwa moshi, kwa miaka mingi ya kupuliza moto jikoni ili watoto wapate kula. Utumishi wao ukageuzwa shitaka.

Nasi visiwani tusijitoe. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipotanda Pemba na Unguja, mtu aliuawa na umati kwa kudhaniwa ndiye.

Atakaye kumhukumu kiumbe na aulize jambo moja: ametenda nini? Bundi akilia usiku huu, mgonjwa na aangaliwe, bibi jirani ajuliwe hali, na ndege aachwe awinde panya wake.