Ukweli Ulio Kati ya Tabaka Mbili

Je, mtu anawajibika kwa kazi ambayo hakuna jicho litakaloiona? Swali hili la kale linafaa kuulizwa mbele ya fundi viatu wa Nyakanazi, wilayani Biharamulo, au wa Benaco, wilayani Ngara, penye sponji, msasa na kopo la gundi. Linafaa pia kuulizwa Kenya, ambako kwa miongo mingi mafundi wamekuwa wakifunga nzi wa bandia kwenye ndoano kwa ajili ya wavuvi wa Ulaya na Marekani. Mmoja wa wadudu hao ni panzi wa sponji, ambaye angeweza kumkumbusha mtu wa Kagera, mkoa wenye wilaya hizo mbili, senene wa kwao: tabaka mbili au tatu hubandikwa pamoja ili mwili uelee juu ya maji. Soli ya ndala na panzi huyo ni kazi mbili tofauti, lakini uhai wa zote mbili umo mahali pamoja, kati ya tabaka na tabaka, ambapo mnunuzi hawezi kuchungulia mpaka abandue, na akibandua amekwisha kuharibu.

Gundi ina kanuni zake, na haihongeki. Ile ya viatu ni mpira ulioyeyushwa katika kimiminika kinachoruka hewani. Hupakwa pande zote mbili, zikaachwa hadi kidole kikigusa hakinasi, ndipo zikabanwa. Fundi akizibana mbichi, kimiminika hufungiwa ndani, na tabaka huanza kuachana siku ambayo yeye hayupo. Supa gluu, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1958, hushika kwa sekunde chache kwa msaada wa unyevu wa hewa, lakini ikikauka huwa ngumu. Sponji hupindika, gluu hiyo haipindiki, kwa hiyo kiungo kinachokunjwa kila hatua hupasuka. Na sponji yenye mafuta au vumbi haishikwi vizuri na gundi yoyote. Jaribu limejificha hapo: katika saa ya kwanza, kazi njema na kazi mbovu hufanana kabisa.

Katika kitabu cha Plato kiitwacho Jamhuri kuna kisa cha Gyges, mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane, na swali kama yupo ambaye angebaki mwadilifu akiivaa. Fundi wa kando ya barabara ya Nyakanazi huivaa pete hiyo kila siku. Abiria na madereva wa malori hupita Nyakanazi na Lusahunga kuelekea mipakani. Anayelipa asubuhi, jioni yuko ng'ambo ya daraja la Rusumo au amevuka Kabanga kuingia Burundi. Watu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, wakiamini soko litamwadhibu mdanganyifu. Methali hiyo ina nguvu kijijini, ambako mteja ana jirani na jirani ana masikio. Kwa mpita njia asiyerudi, soko halina fimbo. Uaminifu unahitaji mzizi mwingine.

Dini zinautaja mzizi huo. Kitabu cha Mithali kinalaani mizani ya udanganyifu. Surat al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo. Na fundisho la ihsani linamtaka mja atende akijua kwamba Mungu anamwona. Mtu atapinga: huo ni woga tu, na aliyeacha wizi kwa kuogopa mlinzi bado ni mwizi moyoni. Pingamizi hilo ni zito, lakini halifiki mwisho. Mteja hakulipia sura ya soli. Alilipia kushikamana kwake. Akishalipa, kile kiungo kilichofichika ni mali yake, na fundi amekishika kama amana. Kukilipua ni kumchukulia mwenzako kilicho chake. Jicho la Mungu halikiumbi kosa hilo; linashuhudia kosa ambalo lingekuwepo hata gizani.

Wengine watasema umaskini hauachi nafasi ya maadili haya: gundi nzuri ni ghali na kusubiri ni kupoteza mteja. Ni kweli fundi maskini hawezi kutoa kila kitu, ila anaweza kusema anachotoa. Gundi dhaifu iliyotajwa waziwazi, kwa bei iliyopunguzwa, haina dhambi. Dhambi ni kuiuza kwa jina la gundi imara. Wengine watauliza uaminifu unatafuta nini katika panzi wa bandia, chombo kilichotengenezwa kumhadaa samaki. Uvuvi una maswali yake kuhusu huruma kwa viumbe, lakini samaki hakupatana na mtu neno lolote. Mvuvi alipatana na fundi, akamwamini. Uongo huvunja imani iliyokabidhiwa, na kati ya ndoano na samaki hakuna iliyokabidhiwa.

Basi wewe unayeshika brashi ya gundi, na wewe mwalimu, mhasibu, muuguzi au mjenzi ambaye sehemu kubwa ya kazi yako haionekani, paka pande zote mbili, subiri zikauke, ndipo ubane. Aliyekulipa hataona, lakini atatembea juu yake.