Kikapu Kinachopita Mlango wa Uani



Hapa Mombasa, kutoka Msikiti wa Mandhry hadi Ngome ya Yesu ni mwendo mfupi, na ukiipita Ngome hujachoka umeshafika Treasury Square, kwenye ofisi za serikali. Njia hiyo wanaipita wenye kutaka leseni ya duka, kibali cha ujenzi au faili itolewe chini ya mafaili mengine. Anayekwenda na bahasha hana haja ya mawaidha marefu: Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Mimi nina maneno na yule mwenye kilo ya halua na kikapu cha tende, anayesema, "Hii ni heshima tu, sheikh. Mkono mtupu haulambwi."

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume kukusanya zaka. Aliporudi aliitenga mali mafungu mawili: hii yenu, na hii nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyu hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Kisha akaonya kuwa mwenye kuchukua kitu namna hiyo atakuja Siku ya Kiyama amekibeba shingoni, kiwe ni ngamia, ng'ombe au mbuzi, na mnyama mwenyewe analia.

Mtazameni vizuri bwana yule. Hakuiba, hakuficha, wala kisa hakisemi alimpunguzia mtu zaka. Hata hivyo alikemewa, kwa sababu zawadi ile ililetwa na cheo. Basi nawe afisa jiulize: ningestaafu jana, halua hii ingekuja leo?

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi hawakufunga mlango wote. Kadhi anaweza kupokea kwa mtu aliyekuwa na ada ya kumzawadia kabla hajapewa ukadhi, mradi asiwe na kesi mbele yake na asizidishe kuliko ada yake. Jirani wa miaka mingi anayekuletea sahani ya futari aendelee kuleta. Lakini ujirani ulioanza siku ulipoapishwa, huo una walakini.

Serikali nayo imeandika yake. Kifungu cha 76 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema zawadi anayopewa afisa wa dola katika hafla ya umma au ya kiserikali ni ya Jamhuri. Lile joho na jambia la fedha unalovishwa jukwaani, usilipeleke kabatini kwako ukalihesabu urithi wa wanao.

Kuna hila moja imezoeleka mno: afisa ofisini anakataa, mkewe nyumbani anapokea. Mwenye shida anajua mlango wa uani uko wapi. Mama mwenye nyumba, kabla hujakishika kikapu, muulize aliyekileta ana shauri gani kwa mumeo.

Nanyi watoaji, msimtie ndugu yenu motoni kwa kilo ya halua. Fuateni haki yenu kwa risiti, na mkidaiwa cha pembeni, shitakini. Na wewe afisa uliyekwisha pokea kitu, mrudishie mwenyewe leo. Usipompata, kikabidhi serikalini kwa maandishi.