Imekufa, au Inaumwa?

Katika lugha yetu mashine hufa. Saa hufa, betri hufa, injini ya lori hufa njiani na abiria wakashuka kutandika khanga chini ya mti. Kabla ya kufa, mashine husumbua, hugoma, huumwa. Kwa miaka mingi mimi nilikaa nyuma ya meza ya mbao mjini Mpanda, nikitengeneza redio na saa za ukutani, na kuanzia kama mwaka 2006 kamera ndogo za dijitali. Watu wakaniletea wagonjwa wao ili niwaambie lipi kati ya hayo mawili limetokea. Swali ninalotaka kulitazama hapa ni hili: mtu anayepewa uwezo wa kutamka kwamba kitu kimekufa, anadaiwa nini na yule asiyeweza kumhakiki?

Kwanza nieleze ugonjwa wenyewe, maana bila hivyo msomaji hataona jinsi jaribu lilivyo karibu na mkono wa fundi.

Nyingi ya kamera zilizofika mezani kwangu hazikuwa zikiumwa hata kidogo. Mtu amenunua kamera inayotumia betri mbili ndogo, mfano wa zile za saa ya ukutani, kisha akaenda dukani akanunua betri za bei nafuu za zinki na kaboni. Betri hizo zinaitosha saa mwaka mzima, lakini kamera inapowaka hudai umeme mwingi kwa mkupuo mmoja: mota ya kuisukuma lenzi, kioo cha nyuma, flashi inayojichaji. Kamera inawaka, lenzi inachomoza, halafu kila kitu kinazima. Mwenyewe anaapa kwamba ameuziwa kitu kibovu. Mpe betri za alkali, au bora zaidi zile za kuchajiwa za nikeli, kamera inafufuka mbele ya macho yake. Mwingine kamera yake imekataa kuhifadhi picha, kumbe kile kidude kilicho ubavuni mwa kadi kimesogezwa upande wa kufunga. Mwingine mlango wa betri umevunjika jino, na jino hilo ndilo linalobonyeza swichi ya kuijulisha kamera kuwa mlango umefungwa. Kipande cha njiti ya kiberiti na rababendi humaliza kesi. Mwingine chuma kinachogusa betri kimeota kutu ya kijani, nayo hutoka kwa pamba yenye siki kidogo na kufutwa kwa spiriti.

(Nawaonya wanaopenda kujifungulia kamera wenyewe. Ndani mna kapasita ya flashi inayoweza kubaki na volti zipatazo 300 hata betri zikishatolewa. Mimi imenitupa kutoka kwenye stuli mara mbili.)

Kusogeza kidude cha kadi ni kazi ya sekunde mbili. Je, umtoze mtu shilingi ngapi? Nilikuwa nikitoza mia tano na kumwonyesha afanyeje siku nyingine. Mafundi wenzangu walinicheka kwamba nawafundisha wateja kutokurudi. Walikuwa na hoja, kwa sababu fundi hauzi dakika zake, anauza miaka aliyojifunza. Lakini yule aliyemshikia mteja kamera siku tatu ili kazi ionekane nzito, huyo sikumwelewa. Nilijiona bora kuliko yeye, na nilijiona hivyo mpaka Agosti 2010.

Ugonjwa mkuu wa kamera kwetu ni vumbi. Tangu Juni mpaka mvua zianze, barabara zetu za wakati ule, ambazo hazikuwa na lami, zilipeperusha vumbi jekundu lililoingia mpaka ndani ya sanduku lililofungwa. Lenzi ya kamera ndogo ni bomba ndani ya bomba ndani ya bomba, linalosukumwa na vigiya vya plastiki vidogo kuliko punje ya mtama. Chembe moja ya mchanga ikikaa kati ya mabomba hayo, mota inasukuma, inakwama, na kamera ikihisi kukwama huko inajizima yenyewe baada ya kuandika kwa Kiingereza kwamba lenzi ina kasoro. Mwenye kamera anaona lenzi imechomoza kama ulimi wa mtu aliyezimia. Anaona kifo. Fundi anasikia ule mlio, krrr mara mbili kisha kimya, naye anajua kwamba huenda ni chembe tu. Unapuliza hewa kwenye nafasi ya mabomba, unazungusha ukanda wa karatasi ngumu humo, unaielekeza lenzi chini na kuigonga kwa kiganja huku ukiiwasha. Mara nyingi hukubali, isipokubali unafungua.

Agosti hiyo alikuja mzee mmoja kutoka Majimoto, huko Mpimbwe, mtu wa umri wa baba yangu. Mpanda ilikuwa bado katika Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012. Mzee huyu alikuwa akipiga picha za arusi na ubatizo, kazi ambayo kwetu hushamiri baada ya mavuno ya mpunga, watu wakiwa na fedha. Kamera aliinunua kwa mpunga wa mwaka uliotangulia. Nilimwamkia, akaitikia, akaifungua kutoka katika kitambaa cheupe alichokikunja vizuri.

Niliiwasha. Krrr, krrr, kimya.

Sasa, msomaji wangu, ndani ya droo yangu ilikuwamo kamera nyingine ya aina ileile, mali ya mteja wa pale mjini, iliyopasuka kioo cha nyuma. Mteja huyo alikuwa tayari kulipa shilingi 40,000, na kioo cha namna hiyo sikukipata mpaka kiagizwe Dar es Salaam. Nilikitazama kioo cha kamera ya mzee. Hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Mzee akauliza, "Imekufa, fundi, au inaumwa tu?"

Nikasema, "Imekufa, mzee."

Nikampa shilingi 15,000, nikimwambia nanunua mabaki yake kwa ajili ya spea. Akachomoa kadi yake, akakunja kitambaa, akasema, "Ahsante mwanangu, angalau umenipa nauli." Shukrani ile ilinikaa moyoni kuliko matusi yote niliyowahi kutukanwa na wateja.

Tangu hapo nimelitafakari sana neno lile moja, nami nimeona kwamba fundi anaposema "imekufa" huwa ametupa ndani ya kikapu kimoja maneno manne tofauti. Huenda anasema kwamba hakuna awezaye kuitengeneza. Huenda anasema kwamba yeye hawezi. Huenda anasema kwamba inatengenezeka ila gharama itazidi bei yake. Na huenda anasema kwamba inatengenezeka, naye hataki. La kwanza tu ndilo linalohusu kamera. La pili linamhusu fundi, la tatu linahusu mfuko wa mteja, na hilo angepaswa kuamua mteja mwenyewe. La nne ni wizi. Lakini yote manne yana sauti moja, na mteja hana sikio la kuyatenganisha.

Nami sikuwa mjinga wa kutojitetea. Nilijiambia kwamba sikuwa na hakika, kwamba huenda kigiya kimekatika kweli, na kwamba ningeifungua ingeharibika zaidi, mzee akalipa bure. Nikafika mpaka kujiambia kwamba nimemhurumia. Hata hivyo mtu asiye na hakika ana neno lake katika Kiswahili, nalo ni fupi kuliko "imekufa". Ni "sijui". Ningelisema, mzee angeulizia kwa fundi mwingine. Kwa hiyo hata kama kamera ingekuwa imekufa kweli, mimi bado ningekuwa nimemdanganya, kwa kuwa nilimuuzia uhakika ambao sikuwa nao, na nikamuuzia ili nipate kioo.

Katika kitabu cha Jamhuri, Plato anamfanya Socrates aseme jambo linaloudhi: kwamba anayejua kumkinga mtu na ugonjwa ndiye pia anayejua kuuleta kwa siri, na mlinzi hodari wa fedha ni mwizi hodari wa fedha. Socrates alilisema kwa kumtega mwenzake, lakini mezani kwangu halikuwa mtego. Kila nilichojifunza ili niponye kilikuwa kimenifundisha pia namna ya kuua bila kuacha alama. Ujuzi hauna upande. Kant naye, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1785, anamtaja mwenye duka anayeuza kwa bei moja kwa wote, hata mtoto hununua kwake bila kupunjwa. Kisha anauliza kama huo ni uadilifu au ni hesabu tu ya kulinda wateja. Swali hilo nililiona la kitoto mpaka lilipokuja kwangu. Watu wa mjini sikuwadanganya, maana wangerudi kesho kunisema sokoni. Mzee wa Majimoto alikuwa akirudi mbali, nyuma ya mbuga. Niliyodhani ni tabia yangu kumbe ilikuwa ni umbali wa nyumba za wateja.

Haidhuru nikiongeza mfano mkubwa zaidi. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba vihisi vya picha vilivyotengenezwa na Sony miaka michache kabla, na kuwekwa ndani ya kamera za makampuni mengi yakiwamo Canon, Fujifilm na Konica Minolta, viliharibika katika joto na unyevu, kwa kuwa nyaya nyembamba za ndani ziliachia. Picha zilitoka nyeusi au zimepindapinda rangi. Makampuni yakakubali kutengeneza bila malipo, hata kwa kamera ambazo muda wa dhamana ulikwisha. Fikiria ni wangapi katika nchi za joto, ambao tangazo lile halikuwafikia, waliomchapa mtoto kwa kudhani ndiye aliyeiharibu kamera. Aliyejua sababu ndiye peke yake aliyeweza kumwondolea mtoto yule lawama.

Narudi kwenye meza yangu. Mzee alipoondoka nilishika bisibisi ili ning'oe kioo, lakini mkono una mazoea yake. Kabla ya kufungua nilipuliza, nikagonga mara tatu kwa kiganja. Lenzi ikarudi ndani, ikatoka tena, nyororo kabisa. Nikabonyeza kitufe cha kuonyesha picha. Kamera nyingi za namna ile zina kumbukumbu ndogo ya ndani, na kadi ikikosekana picha huhifadhiwa humo bila mwenyewe kujua. Humo mlikuwa na picha saba. Tano zilikuwa za mama mmoja mtu mzima, amekaa mlangoni akibangua karanga, na katika ya mwisho anacheka na kuficha mdomo kwa kiganja.

Kamera niliinunua. Je, yule mama nilimnunua pia? Sikuthubutu kuing'oa kioo. Mteja wa mjini nilimwambia spea haijafika, ukawa uongo wa pili, na kamera ikalala ndani ya droo miezi kumi. Kuzirudisha picha bila kamera ilikuwa rahisi, ningempa kondakta wa basi bahasha. Lakini hiyo ingekuwa njia ya kupewa ahsante nyingine.

Juni 2011 nilipanda basi. Tulipita Sitalike, mahali mto Katuma unapojaza viboko wakati wa kiangazi, tukaingia Hifadhi ya Katavi madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbung'o, na njia nzima nilikuwa nikitunga sentensi. Niliyoitunga ilisema kwamba niliijaribu tena siku moja, na kwa bahati ikakubali. Kila neno ndani yake lilikuwa karibu na ukweli.

Nilimkuta mzee akianua mpunga. Alikuwa ameacha kupiga picha. Vijana wenye simu walikuwa wameichukua kazi, na yeye msimu ule wa arusi aliupoteza wote. Nikamkabidhi picha kwanza, nilizokuwa nimezisafisha kwenye karatasi. Akazitazama moja moja. Yule mama alikuwa dada yake mkubwa, aliyefariki wakati wa mvua. Akasema kwamba msibani walitafuta picha yake wakakosa, na wajukuu wa mbali hawakumwona sura.

Kisha akanitazama. "Sasa mwanangu, hizi umezitoaje kwenye kamera iliyokufa?"

Ile sentensi ya basini ikakataa kutoka. Nikamwambia, "Haikuwa imekufa, mzee. Nami nilikuwa najua."

Nikaweka kamera mkekani. Akaichukua, akaiwasha, lenzi ikatoka; akaizima, ikarudi. Akafanya hivyo mara mbili bila kusema neno. Halafu akainuka akaingia ndani, na aliporudi alikuwa na shilingi elfu kumi na tano, noti za elfu moja moja. Nilikataa. Akanishika mkono, akaufungua kiganja changu na kuanza kuzihesabu humo kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka zikaisha.